"Bado najifunza" ya mtoto wako inaisha lini?

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia ujumbe mrefu, nami naufupisha. Mwanawe wa miaka 13 alianza kucheza gemu ya mtandaoni Januari, kwenye simu ya zamani ya baba yake. Kila anapoambiwa apumzike, anajibu: "Mama, bado najifunza." Mama akavumilia, maana nani anamkataza mtoto kujifunza? Sasa ni Oktoba. "Dada," ananiuliza, "hivi mtu anajifunza gemu mpaka lini?"

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Katika safu hii tumeshazungumza sana kuhusu saa za skrini, macho kukauka na shingo kuuma, na kila mara tumeipima gemu kwa saa ya ukutani. Sikumbuki hata siku moja tulipouliza mtoto amefika wapi ndani ya gemu yenyewe.

Mimi bado sijajaliwa mtoto, ni shangazi tu. Kaka yangu anaishi Tabata, Dar es Salaam, na mwanawe wa kwanza ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Anacheza PUBG Mobile, gemu iliyotoka mwaka 2018. Wachezaji hadi 100 wanaruka kutoka kwenye ndege, wanatua kisiwani, wanaokota silaha na kupigana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Nilimwomba anifundishe. Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja hospitali, kisha akasema, "Sawa shangazi, lakini usinitie aibu."

Mechi ya kwanza nilikuwa wa sita. Ya tatu nikashinda kabisa. Kwenye gemu hii mshindi hupongezwa kwa kutajiwa mlo wa kuku, nami kwa furaha nikapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mpwa wangu akanijibu hapohapo, mbele ya wajomba na mama wadogo wote: "Shangazi, hao wote ni boti."

Nilidhani anasema boti za Zanzibar.

Boti, kwa lugha yao, ni wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta. Wana majina kama ya watu, wanakimbia, wanafyatua risasi, lakini shabaha yao ni mbovu na wengine wanasimama tu wakisubiri kupigwa. Mgeni hujaziwa boti wengi ili asikate tamaa siku ya kwanza. Alama zake zikipanda, boti wanapungua na watu halisi wanaongezeka, bila tangazo lolote. Gemu ina madaraja: Shaba, Fedha, Dhahabu, Platinamu, Almasi, Taji na mengine juu yake. Hadi Dhahabu nilijiona hodari. Nilipogusa Platinamu nikawa nakufa dakika ya pili, nimepigwa na mtu ambaye hata sikumwona.

"Ndiyo umeanza kucheza sasa," mpwa wangu akasema. Yeye yuko Taji.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama wa Morogoro ni hili: mtoto anayeshinda sana huenda bado ni mgeni kabisa, na mtoto aliyeanza kushindwa, akanuna, akalalamika kwamba "watu wanacheza vibaya leo", huenda ndiyo anavuka mpaka. Mzazi anaona hasira tu na kudhani gemu imemharibu tabia. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba boti wamekwisha.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mcheza bao, Pangani. Walio na wazee wa pwani wanajua kwamba kuna bao la kujifunza na kuna bao la Kiswahili. Katika la kujifunza kete 64 zote zimeshapangwa, mbilimbili kila shimo, unaanza kuzungusha. Katika la Kiswahili unaanza na kete 22 mkononi, una nyumba ya kulinda, na kila kete unayoingiza ina hesabu yake. Mtoto hakujihamisha mwenyewe. Mzee alimwangalia wiki hadi wiki, kisha jioni moja anasema, leo tupange la Kiswahili. Mtoto akijua amepandishwa, na wote waliokaa barazani wakijua.

Kwenye simu hakuna mzee wa kusema hivyo. Kinachohesabu ni kompyuta, na kompyuta haimwambii baba wala mama.

Sasa nije kwenye vidole, maana hapa ndipo taaluma yangu inaponisaidia kidogo. Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, walieleza kwamba mtu anayejifunza ujuzi wa mwili hupita hatua tatu. Kwanza anafikiria kila kitendo, kama dereva mwanafunzi anayejisemea klachi, gia, kioo. Kisha makosa yanapungua na vitendo vinaanza kushikana. Mwishowe mikono inafanya yenyewe na akili inabaki huru. Anayesukuma chapati huku akimsimulia jirani habari za msiba yuko hatua ya tatu.

Wiki yangu ya kwanza nilichoka baada ya mechi mbili. Kichwa kiliuma, kwapa zikalowa jasho, nikaiweka simu chini bila kuambiwa na mtu. Kitufe cha kuchuchumaa kiko wapi? Cha kujaza risasi je? Kufikia wiki ya tatu vidole vilishajua, na mimi nikawa nacheza huku nikisikiliza taarifa ya habari. Siku moja nikainua macho, ni saa saba na nusu usiku. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Kesho yake nilikuwa na mahojiano saa mbili asubuhi na nilifika nimevaa blauzi nje ndani.

Hilo naomba mzazi alishike. Anayeanza ana breki yake mwenyewe, nayo ni uchovu. Gemu inamchosha, anaiacha. Ndiyo maana miezi ya kwanza sheria ya "nusu saa tu" inaonekana kufanya kazi vizuri, na sisi tunajipongeza kwa malezi. Si sheria iliyokuwa ikifanya kazi. Ujuzi ukikomaa breki ile inaondoka, na sheria inabaki peke yake, haina msaidizi.

Kuna alama nyingine ambayo wazazi wengi wanaipita: hedifoni. Mgeni anacheza kwa macho. Aliyekomaa anacheza kwa masikio, maana nyayo za adui zinasikika kabla hajaonekana, na aliyezoea anajua ni kulia au kushoto, juu ya ghorofa au chini. Siku mtoto anapoanza kudai hedifoni kwa nguvu, jua amehama darasa. Mnunulie ukitaka, lakini angalia sauti. Kiwango cha WHO cha usikilizaji salama kwa watoto ni desibeli 75 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda muda huo unapungua haraka. Kama umesimama karibu naye, unamwita kwa sauti ya kawaida na hageuki, hiyo sauti ni kubwa mno. (Au amekusikia na anajifanya. Nimefanyiwa yote mawili.)

Anayemsubiri

Nilidhani nimeshamaliza utafiti wangu, mpaka Jumamosi moja usiku. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, simu ikaita mfululizo. Ilikuwa kikosi changu. Gemu hii huchezwa na mtu mmoja, wawili au wanne, na bila kupanga nilikuwa nimejikuta kwenye kikosi cha wanne: mpwa wangu, rafiki yake wa shule, mimi, na kijana mmoja tusiyemjua anayeongea Kiswahili safi kutoka Muscat. "Dada, tunakusubiri wewe tu," kijana akasema kwenye kipaza sauti.

Nikazima jiko.

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, nina shahada, naandika mambo ya afya kila wiki, na nilizima jiko samaki wakiwa nusu kwa sababu watu watatu walikuwa wananisubiri. Gemu haikuwa na ladha kuliko wiki iliyotangulia. Ila nilikuwa nimekuwa mtu ambaye asipokuwapo, pengo linaonekana. Mgeni akiondoka katikati ya mechi hakuna anayejali, kwani hakuwa na faida. Mwenye ujuzi akiondoka, wenzake watatu wanapigwa, wanapoteza alama, na kesho hawamwiti.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mwanzo unapokoma. Daraja halionyeshi hivyo, wala idadi ya ushindi. Mtoto ameacha kuwa mgeni siku wengine wanapoanza kumtegemea.

Na hapo ndipo kaka yangu alipojikwaa. Wiki mbili kabla ya yote haya aliingia chumbani saa nne usiku, akasema zima, mtoto akasema "baba dakika kumi," baba akainyakua simu. Mtoto alilia. Miaka 14, sauti imeshaanza kukwaruza, analia machozi. Kaka akasema, "Kwa gemu? Unalia kwa gemu?" Siku mbili hawakuzungumza. Wifi yangu akawa anabeba ujumbe kati ya sebule na chumba kama tarishi.

Simtetei mtoto, muda ulikuwa umepita. Lakini mechi moja ya kisiwa kikubwa huchukua kama nusu saa, nayo haisimami ikusubiri kama filamu. Kumwambia aliye kwenye kikosi "zima sasa hivi" ni kama kumtoa golikipa uwanjani wakati wa penalti. Kaka aliweka sheria kwa mtoto aliyekuwa akicheza na boti. Mtoto aliyemkuta chumbani usiku ule alikuwa na watu watatu nyuma yake, na baba hakujua kwamba wapo.

Kibaya zaidi tulikigundua baadaye. Kwa kuwa simu ilichukuliwa mapema, mpwa wangu alianza kuamka usiku. Anajua baba anapoweka simu. Saa tano na nusu anaamka, anacheza hadi saa saba, anairudisha. Saa kumi na moja alfajiri anaamshwa kwenda shule. Hizo ni saa nne za usingizi kuanzia saa saba, ukiongeza alizolala mwanzo wa usiku inafika sita, tena zilizokatwa vipande. Umri wake unahitaji kati ya saa nane na kumi. Mwalimu alishalalamika kwamba anasinzia kipindi cha hesabu, sisi tukasema ni kukua.

Kaka alipojua, hakupiga kelele. Alinipigia simu, akaniuliza, "Huyo wa Muscat ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nimecheza naye wiki mbili, najua anapenda kutua upande gani wa kisiwa, najua anacheka kwa kukohoa, lakini umri wake siujui. Tukakubaliana azungumze naye. Jumapili jioni kaka alivaa hedifoni za mwanawe, akaingia kwenye kikosi, akajitambulisha: mimi ni baba yake.

Kimya. Kisha kijana akasema, "Shikamoo mzee. Baba yake? Kwani ana miaka mingapi?"

Alipoambiwa 14, akaomba radhi mara tatu. Yeye ana 26, anafanya kazi dukani, akitoka jioni ndipo anacheza. "Wallahi nilidhani ni mtu mzima mwenzangu," akasema. "Kwa jinsi anavyocheza."

Kaka alinisimulia maneno hayo akiwa amekaa kwenye ngazi za nje, na nadhani yalimgusa kuliko machozi ya siku ile. Miezi minane watu walikuwa wakimchukulia mwanawe kama mtu mzima: wanamwita saa za watu wazima, wanamzungumzisha mambo ya watu wazima, wanamtegemea kama mtu mzima. Gemu inapima ujuzi, haipimi umri. Mgeni hujulikana kuwa ni mtoto kwa makosa yake. Makosa yakiisha, utoto wake hauonekani tena kwa walio upande wa pili. Safari hii alikuwa kijana mwenye adabu. Angeweza kuwa mwingine, na kwa mwingine huyo pia mtoto angesema "bado najifunza" na sisi tungeendelea kuhesabu dakika.

Je, ni ugonjwa?

Swali hili huja kila ninapogusa gemu, basi nilijibu kwa ufupi. Tatizo la uchezaji gemu lipo kwenye orodha ya magonjwa ya WHO, ile ya ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Wataalamu wanatazama mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea au kuzidisha ingawa madhara yanaonekana. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, ikiwa imeharibu wazi shule, familia au kazi. Wengi wanaocheza hawafiki huko. Kuwa hodari si dalili, na mtoto wa Taji anayelala vizuri, anayekula na wenzake na anayefaulu hana anachougua. Mwingine yuko Shaba miezi mitano na maisha yake yameshavurugika. Ukiona usingizi, chakula, masomo na marafiki wa mtaani vyote vinashuka pamoja, usisubiri miezi 12 itimie, zungumza na daktari.

Fedha nazo nisizisahau. Mgeni hanunui kitu. Akishakuwa na kikosi, nguo za mhusika wake zinaanza kumuaibisha, kwa maana wenzake wamevaa vya kununuliwa na yeye amevaa sare ya mgeni. Nguo hizo hazimwongezei nguvu, ila heshima, na heshima ni ghali akiwa na miaka 14. Pitia taarifa za miamala ya simu yako. Na namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, watoto wetu wanaujua.

Nyumbani kwa kaka sheria sasa inahesabu mechi badala ya dakika: mbili siku za shule, ya mwisho ianze kabla ya saa mbili na nusu usiku, na ikianza inamalizika, hakuna wa kunyakua. Simu inalala chumbani kwa wazazi, kabatini, na ufunguo wa kabati analala nao wifi. Kijana wa Muscat anajua ratiba, na juzi ndiye aliyesema, "Dogo, muda wako umeisha, nenda." Mpwa wangu alikasirika. Amekasirika pia kwamba ameshushwa kutoka Taji hadi Almasi kwa kukosa muda, na sitadanganya kwamba amelikubali hilo. Lakini hesabu hasinzii tena.

Mimi niliacha kwa wiki kadhaa. Msimu mpya ukaanza, na gemu hushusha madaraja kila msimu. Nilipofungua tena nikashinda mechi ya kwanza. Safari hii sikutuma picha kwenye kundi.

Kwa mama wa Morogoro, niliacha kumwuliza mwanawe anacheza saa ngapi. Nilimwandikia swali moja la kumpelekea, kwa upole, wakati simu iko chini na mmekaa mnakula: "Ukichelewa kuingia, nani anakusubiri?"

Alinijibu jana usiku. Mtoto ametaja majina manne. Mawili ni ya wanafunzi wenzake, anawajua hadi kwao. Mawili hajawahi kuyasikia.